Futi Hamsini na Sita za Glenda Ostrander

Kermit Haugen alikuja kuikagua nyumba ya magurudumu ya akina Ostrander, gari refu lenye vitanda na jiko ndani, Jumamosi ya pili ya Machi, na kama wanunuzi wote wasiojua wanachonunua, alianza kwa kupiga tairi teke. Akapiga la mbele, akapiga la nyuma, kisha akasogea pembeni na kuikunjia uso kana kwamba imemkosea adabu.

"Kubwa mno," akasema.

"Unaiona kila siku kutoka kwako ng'ambo ya barabara, mwaka wa tisa huu," Glenda akamjibu toka mlangoni. "Ingekuwa ndogo ungesema ndogo mno. Sema unachotaka, jirani."

Dale, mumewe Glenda, alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha kukunja. Mwezi uliopita daktari alikuwa amemfutia leseni ya udereva. Ugonjwa ulikuwa umemla macho katikati ukamwachia pembeni: akikutazama usoni hakuoni, akitazama sikio lako anakuona vizuri. Kwa hiyo alikuwa amekata shauri. Asiyeendesha chombo hana haja nacho. Kermit auziwe, yaishe.

"Na mimi?" Glenda akauliza. "Mimi sina mikono?"

"Wewe umezoea basi la shule."

"Basi la shule lina urefu gani, Dale?"

Dale akakuna kidevu, Glenda akajijibu mwenyewe.

"Futi arobaini. Hii ni thelathini na nane. Tena hii haina watoto sitini wanaorushiana machungwa mgongoni mwangu."

Hakuwa akijisifu. Glenda Ostrander aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja pale Roseburg, mji wao wa bara katika jimbo la Oregon, Marekani, akipanda mabonde ya wakata magogo asubuhi za barafu, huku malori ya mbao yakimteremkia kwenye kona ambazo hata baiskeli inapita kwa adabu. Hakuwahi kuvunja kioo cha pembeni hata kimoja. Lakini zikifika siku za mapumziko, yeye na Dale wakiondoka na nyumba yao, dereva huyo huyo alikaa kiti cha kulia, ambacho kule hakina usukani, na ramani mapajani, na usukani akaushika Dale. Ndivyo walivyoanza, na hakuna aliyeuliza. Ndivyo wanavyofanya wenzao wote wenye nyumba za magurudumu: mume anaendesha, mke anashuka kumpungia mikono wakati wa kuegesha, halafu wanagombana.

Glenda alijua kupatana. Hakuomba nyumba ibaki. Aliomba kitu ambacho Dale angeona aibu kukikataa.

"Safari moja tu," alisema. "Septemba. Pwani yote ya Oregon, kutoka Astoria, kaskazini kabisa, hadi mpakani na California. Nikiirudisha hapa uani bila mkwaruzo, haiuzwi. Ikiwa na mkwaruzo mmoja, hata wa ukucha, Kermit achukue."

"Na nani atakagua?" Kermit akauliza haraka.

"Wewe. Nani mwingine ana hamu ya kuuona?"

Kermit akacheka, akasema atakuja na tochi. Dale akatazama sikio la mkewe, kisha akampa mkono. Mapatano yakawa yamefungwa.

Tangu siku hiyo meza ya jikoni ikawa ya Glenda. Kwanza alitoka nje na futikamba akapima kila kitu mwenyewe: nyumba, futi thelathini na nane, chuma cha kukokotea, futi tano, gari dogo linaloburutwa nyuma, futi kumi na tatu. Jumla hamsini na sita. Akaiandika kwa kalamu nyekundu na kuibandika kwenye friji.

"Si tulikuwa tunaandika thelathini na tano kwenye fomu za kambi?" Dale aliuliza.

"Ulikuwa unaandika wewe."

Kule, wanaopunguza miaka yao ni wachache kuliko wanaopunguza futi. Viwanja virefu vya kambi, pa kuegesha na kulala, ni vichache, vinagombaniwa, basi mtu anakata futi tatu kwenye fomu, anapata kiwanja, akifika pua ya gari imebaki barabarani na jirani anampigia honi. Dale alikuwa amekata futi zake miaka yote tisa, na miaka yote tisa walikuwa wamegombana wakiegesha. Glenda aliandika urefu wa kweli, akakosa viwanja vinne alivyovipenda, na hakusikitika.

Pili, mwelekeo. Dale alitaka waanze na pwani iliyo karibu. Glenda akasema hapana: wapande kwanza hadi Astoria kwa barabara kuu ya bara, siku nzima, ndipo washuke na bahari.

"Siku nzima ya kupanda ili tuje tushuke?"

"Tukishuka kusini, bahari iko kulia. Kila pa kusimama pako kulia, upande wetu wa barabara. Naingia, natoka, sikatizi mbele ya gari la mtu. Na wewe dirisha lako ndilo la kulia."

Dale akakubali. Kwa jicho la pembeni bahari ingemtosha.

Viwanja vya kambi za serikali hufunguliwa miezi sita kabla, siku kwa siku, saa kumi na mbili kamili asubuhi. Asubuhi sita mfululizo Glenda alikaa mbele ya kompyuta na kahawa yake saa kumi na mbili kasoro dakika tano, kidole juu ya kitufe, na ilipofika dakika ya kwanza wenzake wenye usingizi walikuwa wamekwisha kukosa.

Mwezi wa Juni akachukua gari dogo peke yake akaipita njia yote. Alisimama kwenye kila kituo cha mafuta, akaandika vile tu ambavyo unaingia upande huu na kutokea upande ule. Sababu yake ilikuwa moja. Nyumba ya magurudumu yenye gari nyuma hairudi nyuma. Ukijaribu, magurudumu ya gari dogo yanapinda na chuma kinavunjika. Ukiingia pasipo na pa kutokea, unafungua gari, unageuza, unafunga upya, na mji mzima unakutazama. Mwaka juzi Dale aliingia kichochoro cha bandari akifuata duka la kaa. Walitumia saa nzima kutoka, wauza samaki wakiwashauri kwa sauti kubwa. Dale aliapa hakugusa ukuta wala nguzo.

Katika njia nzima kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo isingewezekana kukwepa kurudi nyuma: kiwanja namba kumi na nne, kambi moja kusini ya mji wa Florence. Glenda alikipima hadi kisiki cha pembeni. Aliporudi Roseburg akaazima koni za barabarani kwa wenzake wa mabasi, akazipanga kwenye maegesho ya kanisa kwa vipimo vile vile, akaingiza kinyumenyume futi thelathini na nane, bila gari dogo, mara arobaini. Mara ya kwanza aliangusha koni tatu. Mara kumi za mwisho hakuangusha hata moja. Mchungaji alipomwuliza kama anafundisha udereva au anatubu, alimwambia vyote viwili.

Septemba wakaondoka. Siku tatu za kwanza zilikwenda kama zilivyoandikwa mezani, na safari iliyopangwa vizuri haina cha kusimulia: mafuta huku, supu ya kome kule, ukungu hadi saa nne, Dale ameegemea dirisha uso umeelekea mbele ili aione bahari pembeni. Siku ya nne wakafika kwenye kambi ile, na pale mlangoni mhifadhi, msichana mwenye kofia pana, akatoka na uso wa kuomba radhi.

"Samahani mama. Kumi na nne kimeangukiwa na msonobari asubuhi. Nimewawekea thelathini na moja, upande wa bahari. Watu wanakililia hicho."

"Kina futi ngapi?"

"Kwenye karatasi, arobaini."

"Na kwenye ardhi?"

Msichana akacheka, akatazama viatu vyake.

Glenda akaegesha palepale mlangoni, akachukua futikamba, wakaenda kwa miguu hadi thelathini na moja, akampa Dale ashike ncha. Kambi kama ile ina desturi yake. Saa za jioni wenyeji wa siku hiyo hutoa viti vya kukunja, bia na mbwa, wakakaa kutazama wageni wakiingiza magari kinyumenyume. Ndiyo starehe yao. Tayari viti kumi hivi vilikuwa vimegeuzwa kuelekea thelathini na moja.

"Unapima kaburi, mama?" mzee mmoja akapaza sauti.

"Lako, ukiendelea kuongea."

Viti vikaangua kicheko. Glenda akaendelea kupima. Futi arobaini zilikuwepo, lakini zilikuwa na kiwiko katikati, na kwenye kiwiko kulikuwa na kisiki.

"Naweza kuingia," alimwambia Dale.

"Basi ingia."

"Naweza pia kukwaruza. Sikuja hapa kuonyesha ninachoweza."

Akazungusha macho kambini kama mtu anayetafuta duka. Akaona namba ishirini na mbili, kiwanja kirefu chenye mdomo pande zote mbili, unaingia huku unatokea kule. Ndani yake kulikuwa na katrela ka kulala ka futi kumi na tisa, bado kamefungwa kwenye pikapu. Ubavuni kulikuwa na choo cha kambi, na mbele ya choo, kwenye kiti, mwanamke wa makamo aliyenuna. Mumewe alikuwa anafuta kioo ambacho hakikuwa kichafu. Glenda akawaendea.

"Mmekipenda hiki?"

"Mwulize Lyle," mwanamke akasema. "Mwaka wa kumi na mbili nalala karibu na choo. Bahari naisikia kwa watu."

"Opal, kiwanja hiki kinapitika," Lyle akasema.

"Kinapitika, maana yake huhitaji rivasi. Sema basi. Sema hujui rivasi."

"Najua. Sipendi tu."

"Mimi nina thelathini na moja," Glenda akasema. "Mbele yake ni mchanga na maji, hakuna mtu. Nipeni hiki, chukueni kile."

Opal alikuwa amekwisha kukunja kiti. Lyle ndiye aliyebaki na kitambaa mkononi.

"Na trela ataliingiza nani?"

"Mimi."

"Trela si gari la kawaida, mama. Ukikata kulia lenyewe linakwenda kushoto."

"Nimebeba watoto wa darasa la saba kwenye basi miaka thelathini na mmoja. Nimezoea."

"Na ukiligonga?"

"Nina pai mbili za marionberi, zile beri nyeusi tamu, kwenye friza. Nikiligonga, zote zako. Nisipoligonga, moja."

Lyle akafungua mdomo kuuliza la tatu.

"Lyle," Opal akasema, "mpe mwanamke ufunguo."

Mhifadhi akabadilisha majina kwenye karatasi, akishusha pumzi. Glenda akapanda pikapu ya watu, akasogeza kiti, akarekebisha vioo bila haraka, akalikokota trela hadi mdomoni mwa thelathini na moja. Alimsimamisha Opal karibu na kisiki akampa neno moja tu la kusema, nalo ni simama. Wengine wote aliwaomba washushe mikono. Akaushika usukani chini kwa mkono mmoja, kichwa nje ya dirisha, akaanza kurudi. Trela likatangulia polepole, likafika kwenye kiwiko, likapinda. Kati yake na kisiki kulikuwa na nafasi ya kiganja. Opal alifungua mdomo, akaufunga. Trela likanyooka, likakaa katikati ya kiwanja kama limechorwa pale. Mara moja, bila kusogea mbele kujisahihisha.

Yule mzee wa kaburi akainuka kitini, akamletea Glenda bia iliyofunguliwa. Kwa kambi ile, hiyo ni heshima kubwa.

Futi zake hamsini na sita Glenda akaziingiza ishirini na mbili kwa kwenda mbele, gari dogo likiwa bado limefungwa nyuma, kama mtu anayeingia kanisani.

"Hukurudi nyuma na hili letu hata hatua," Dale alisema walipokuwa wanakula.

"Mapatano yalikuwa mkwaruzo. Rivasi ilitajwa na nani?"

"Safari nzima?"

"Ilikuwa moja tu, na mti umeniondolea. Unadhani nilikuwa naandika nini pale mezani?"

Dale akacheka hadi akaweka uma chini.

Walirudi Roseburg Jumapili, na Jumatatu saa nne asubuhi, jua kali, Kermit akaja na tochi. Akazunguka mara mbili. Akabandua mdudu aliyekauka kwenye kioo, akasikitika kuwa ni mdudu. Kisha akapiga magoti nyuma ya gurudumu la kulia na kuwasha tochi.

"Haya," akasema. "Na huu hapa?"

Ulikuwa mstari wa urefu wa kidole, chini kabisa, rangi imechubuka. Glenda hakusogea. Alikuwa na picha ya mstari ule kwenye droo ya jikoni, yenye tarehe ya Machi, aliyoipiga siku ile ile ya mapatano kabla mkono wa Dale haujapoa. Zilikuwa hatua kumi tu kwenda ndani kuileta. Lakini alimtazama mumewe kwanza, akangoja.

Dale akaja, akainama, akageuza uso pembeni ili aone. Kisha akaupitisha kidole gumba juu ya mstari, taratibu.

"Huo ni wangu," akasema. "Wa kule bandarini, mwaka juzi. Niliapa sikugusa kitu."

"Una hakika?" Kermit akauliza. "Ukisema wake, nachukua leo."

"Najua nikisema wake kinatokea nini. Ni wangu. Nguzo ilikuwa ya kijani, ipo mpaka leo."

Kermit akazima tochi, akajipangusa magoti. Alipopita mbele aliinua mguu kwa tairi, akabadili nia, akavuka barabara kwenda kwake.

Ile picha haikutoka kwenye droo. Glenda alileta kalamu nyekundu na karatasi mpya, akazitandaza mezani.

"Machi tunakwenda wapi?" Dale akauliza.

"Pwani ya Washington. Kule bahari inakuwa kulia ukishuka, vile vile. Viwanja vinafunguliwa kesho asubuhi, na safari hii unaamka na wewe. Utakaa hapa unihesabie dakika."