Gauni la Utomvu

Juzi mjukuu wangu alinikalisha kwake Nkwenda nimtazame akichapa picha zake, na mikono anayo huyo mtoto! Alichonga ubao, akapaka wino, akagandamiza karatasi. Kabla ya kuibandua alibana pumzi. Nikarudi utotoni.

Ilibaki siku moja nipokee komunio ya kwanza. Mama alikata mkungu wa ndizi, utomvu ukarukia gauni langu jeupe kambani. Niliona ni maji tu, nikacheka. Jua lilipolikausha, matone yakawa ya kahawia, na kwetu kila mtu anajua utomvu hautoki.

“Huyu kesho atabaki nyumbani,” alisema shangazi.

Mama akakata kikonyo cha jani la mgomba, ncha yake umbo la mwezi mchanga, akaanza kukigonga kwenye gauni kama muhuri, utomvu ukivuja. Nikalia. Nilidhani kwa hasira analimaliza kabisa.

“Nyamaza, wewe! Subiri likauke.”

Tukakaa tukilitazama, uani harufu ya utomvu tupu. Polepole ikajitokeza miezi midogo ya kahawia, kutoka shingoni hadi kwenye pindo, na yale matone yakapotelea humo.

“Haya, wifi,” mama akasema, “nionyeshe doa.”