Hajambo, Ila

Mimi nina hasira za karibu, na siombi radhi kwa hilo. Uuguzi nimeufanya miaka ishirini na kitu, mingi katika hiyo hapa hapa Bagamoyo, na lau si hasira ningekuwa nimeshaacha kazi zamani, nauza vitumbua Dunda. Kwa hiyo haya nayasimulia kwa hasira. Anayetaka ya upole akayatafute kwingine.

Mambo yalianza pale mradi mmoja wa watoto wachanga ulipokuja katika zahanati yetu, iliyo nje kidogo ya mji ukielekea Mbegani. Walikuja wataalamu kutoka nchi mbili tatu za mbali, na vishkwambi vipya, na fulana zenye picha ya mama anayecheka na mwanawe. Walikuwa watu wazuri, siwezi kuwasingizia. Wazo lao lilikuwa kwamba nesi asipoteze siku nzima akizungukia nyumba za wanawake waliojifungua. Mashine ingewapigia simu. Kila Jumatatu na kila Alhamisi, asubuhi, sauti ya msichana, nyororo kabisa, ingesema: "Habari za asubuhi, mama. Mtoto wako hajambo? Kama hajambo, bonyeza moja. Kama ni mgonjwa, bonyeza mbili."

Kwetu mzazi hatoki ndani mpaka atimize arobaini. Siku hizo zote anakandwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, na mtoto anafichwa macho ya watu. Mtoto akiugua humo ndani, wa kumwona ni mama yake na bibi yake, basi. Na nesi, akipiga hodi. Hiyo hodi ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na pikipiki ya zahanati ndiyo iliyokuwa ikinipeleka.

Kila mama aliyebonyeza moja alitokea kwenye kompyuta kama kitone cha kijani. Aliyebonyeza mbili alitokea mwekundu. Haukupita muda kioo kikawa kijani kitupu, utadhani shamba la mpunga. Mganga mfawidhi, ndiye mkubwa wetu pale zahanati, akaniita ofisini kwake. Ni kijana mwenye adabu, na ananiita dada ingawa ningeweza kumzaa.

"Dada, watoto hawajambo wote," akasema. "Ziara za majumbani zimesimamishwa. Pikipiki itakwenda kwenye shughuli nyingine."

"Ala! Wote hawajambo? Tangu lini?"

"Takwimu ndizo zinazosema."

"Takwimu zimesalimiwa, zikaitika," nikamwambia. "Hazijazungumza bado."

Akacheka. Akadhani natania, kumbe nilikuwa nimeshaanza kuwaka.

Hebu nieleze. Mtu wa pwani ukimuuliza hujambo, atakwambia sijambo. Ana jino linamng'oa roho, sijambo. Kaunguliwa na nyumba, sijambo. Si kwamba anadanganya. Salamu ni salamu, lazima itimie kwanza, ndipo neno lifuate. "Nyumbani hawajambo?" "Hawajambo, alhamdulillahi." Hapo panakuja kimya kidogo. Mtu anaweka kanga yake vizuri, anafukuza kuku, ndipo anasema: "Ila mtoto tangu juzi hanyonyi." Habari nzima iko nyuma ya hiyo ila. Nesi asiyejua kuingoja hafai huku, hata awe na vyeti vya kujaza sanduku. Tena kumtamkia mgeni asiyeonekana kwamba mwanao mgonjwa, huko ni kumchuria mtoto, ni kumwitia mabaya. Nani atakubali? Basi mashine inauliza hajambo, mama kwa adabu zake anajibu hajambo, simu inakatika. Ila inabaki mdomoni.

Niliyasema hayo kwa mfawidhi, nikayasema kwa msimamizi wa mradi, nikaambiwa nimezoea mambo ya zamani. Haya.

Jumanne moja nilikuwa napitia daftari la waliojifungua pale kwetu. Nikakuta jina la msichana wa Mbegani, uzazi wa kwanza, mtoto wake mdogo mno aliyeniacha na wasiwasi tangu siku tuliyomruhusu. Alikuwa na siku kumi. Kwenye kompyuta alikuwa kijani, kijani, kijani. Roho ikakataa. Nikamwambia mwenzangu anishikie zamu, nikatoka bila ya kumuaga mkubwa, nikapanda bodaboda.

Nilipokelewa vizuri. Mama mkwe alitandika mkeka, akaleta maji.

"Shikamoo, nesi," msichana akasema kutoka kitandani.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Na mtoto?"

"Hajambo, mashaallah."

Nikanywa maji. Nikauliza habari za mume, nikaambiwa yuko kazini, salama. Nikauliza habari za mvua. Nikanyamaza. Mfawidhi angeniona angesema nesi anakula upepo. Msichana akajifunika vizuri, akamtazama mkwewe, kisha akasema, polepole, "Ila, nesi, naona amekuwa mpole."

"Mpole vipi?"

"Tangu jana halii. Hanisumbui hata kidogo."

Mtume! Sijui nilivukaje mkeka. Mtoto alikuwa wa baridi miguu hadi magotini. Kitovu kilikuwa chekundu na kinanuka, na pembeni kuna majivu, dawa ya mabibi. Nilikuwa na maneno mengi sana kuhusu hayo majivu, nikayameza. Nilimvua mtoto, nikamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, nikawafunga pamoja kwa kanga mbili, na kwa mara ya kwanza tangu kujifungua yule msichana akatoka nje kabla ya arobaini, mkwewe akisoma kila dua anayoijua. Tulipanda bajaji mpaka hospitali ya wilaya. Nilishika kile kifua kidogo njia nzima, nahesabu pumzi.

Alipona. Sasa anatambaa, na makeke yake yanamshinda hata bibi yake. Lakini siku ile, tukiwa kwenye benchi la hospitali, nilimuuliza mama yake kama simu ilikuwa haimpigii.

"Inanipigia, nesi."

"Ukabonyeza ngapi?"

"Moja." Akanishangaa. "Si ilikuwa inanisalimia?"

Siku mbili baadaye nikapokea barua. Nimeondoka kituoni saa za kazi bila ruhusa, nimefanya ziara iliyokwisha kusimamishwa, kwa hiyo nijieleze kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne na niahidi kutorudia kosa. Mfawidhi alinipa huku akitazama dirishani. Yeye naye ameajiriwa, ana watu juu yake. Lakini pia alinifanyia jambo moja la kiungwana: aliniweka kwenye mkutano wa mradi, ule wa kwenye kioo, ambamo wataalamu wanakaa huko kwao na sisi huku, tunatazamana.

Niliagizwa nishukuru kwanza, kisha niseme kwa dakika mbili. Kiingereza nakijua, madawa yote nimeyasoma kwa Kiingereza, na mitihani pia. Siku ile nilikataa. Nikasema kama mashine yao imeweza kusema Kiswahili, na wao watasikiliza Kiswahili. Binti mmoja wa mradi, mwenyeji wa Dar, akapewa kazi ya kufasiri.

Nikawasimulia habari ya mtoto mpole. Yule binti alifasiri vizuri mpaka tulipofika kwenye "hajambo, ila." Hapo akakwama. Akajaribu mara mbili, nikaona wale kwenye kioo wanaandika kitu, kisha mzee mmoja mwenye miwani, ndiye mkubwa wao, akauliza: huyo mama alisema mtoto ni mzima, au alisema ni mgonjwa?

"Alisema yote mawili," nikajibu. "Anayekaa kitako anayasikia yote mawili."

Yule mzee akainamisha kichwa kwa heshima. Akasema anafurahi mtoto amepona, ila, tena kweli alisema ila, yule binti alilifasiri hivyo, kisa kimoja si ushahidi. Mfumo huu unafanya kazi vizuri katika nchi nyingi.

"Muulize," nikamwambia binti, "katika hizo nchi nyingi, aliyemwambia unafanya kazi ni nesi gani?"

Binti alitazama chini, akafasiri kitu kifupi sana.

Nilitoka nje. Nilikuwa nawaza, hii afya ya dunia inayosemwa kwenye mikutano inakaa wapi hasa? Chanjo inabuniwa kwao, mwongozo unaandikwa kwao, fomu inachapishwa kwao, na vyote vinasafiri, vinavuka bahari, vinapita wizarani na wilayani, mwisho wa safari pana mkono wa nesi na paja la mtoto. Mkono ule ukiondolewa, vyote vile ni mizigo. Na nina hakika yuko mwenzangu huko mbali, nchi nisiyoijua, naye kazuiwa kupiga hodi kwa sababu ya kitone cha kijani, naye amekasirika kama mimi. Nampa pole yake.

Kisa kimoja si ushahidi. Sawa. Alhamisi iliyofuata ilikuwa siku yangu ya mapumziko, na mume wangu na watoto wameshaizoea kazi yangu hii, hawakuniuliza naenda wapi. Nilikuwa nimenakili jina la mama mmoja aliyejifungulia kwetu, akaenda kumalizia arobaini kwa mama yake mzazi, kijiji cha huko karibu na Msata. Kwenye kompyuta hakuwahi kukosa simu hata moja. Kijani mfululizo.

Nilifika asubuhi bado mapema. Nikamkuta amekaa nje, uani, jua linampiga, anachambua choroko. Kwa hesabu yangu arobaini yake ilikuwa haijatimia. Nilisimama pale. Mtu anayemficha mtoto macho ya watu hakai nje namna ile.

"Shikamoo, mama," akasema. Alinikumbuka.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Hapa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

Nikakaa kwenye kigoda. Nikachukua choroko za upande wangu, nikaanza kuchambua naye. Mama yake alitoka ndani, akanisalimia, akarudi ndani bila neno. Tulichambua mpaka ungo ukabaki nusu.

"Ila mtoto tulimzika," akasema. "Ijumaa ya kabla ya iliyopita."

Alikuwa na homa siku tatu. Walimpa miti shamba. Walikuwa wanajiandaa kumpeleka. Sikumlaumu, na nisimsikie mtu anamlaumu. Nilimpa pole, nikamshika mkono, na tulikuwa bado tumeshikana hivyo pale simu ilipolia kwenye pindo la kanga yake. Akaitoa, akaiweka ile sauti nje ili nami nisikie.

"Habari za asubuhi, mama. Mtoto wako hajambo?"

"Ndiyo hii," akasema. "Haiachi."

"Huwa unabonyeza ngapi?"

"Moja."

"Kwa nini moja, mwanangu?"

Akanitazama. "Sasa nibonyeze ipi, mama? Mgonjwa si mgonjwa tena."

Nikainyakua ile simu. Sijui nilikusudia nini, hasira ilikuwa imeshanipanda kichwani. Nikabonyeza mbili.

"Asante, mama," ile sauti nyororo ikasema. "Tafadhali mpeleke mtoto kituo cha afya kilicho karibu nawe."

Ikakata.

Mimi silii kazini. Nimeshika maiti za watoto wengi, na kulia hulia nikifika kwangu, chumbani. Siku ile nililia uani kwa watu, mchana kweupe, choroko zimemwagika, na yule mzazi ndiye aliyenipangusa machozi kwa kanga yake, yeye mfiwa, mimi nesi.

Barua ya kujieleza niliiandika kesho yake, kabla zamu haijaanza, juu ya meza tunayochomea sindano. Niliandika habari ya Mbegani na habari ya Msata, yote kama nilivyoyaona, pamoja na kile ilichojibu ile simu, neno kwa neno. Niliomba waifasiri vizuri, wasifupishe, waipeleke kwa yule mzee mwenye miwani.

Mwisho wa barua kama ile mtumishi hutakiwa aombe radhi na aahidi kwamba kosa halitajirudia. Nikakaa na kalamu. Kisha nikaandika: "Jumatatu saa mbili asubuhi, simu zitakapoanza kulia, nitakuwa Mbegani, nimekaa mkekani kwa mzazi, nangoja aseme. Anayenitaka anifuate huko." Nikatia sahihi.