Maana ya Daphné Niliyomwambia Mama

Mama yangu anaitwa Mapalo, yaani baraka kwa Kibemba, na kazi yake kule Kilwa yetu ya kando ya ziwa ni kukausha samaki kwa moshi tangu kabla sijazaliwa. Binti yangu wa kwanza alipozaliwa hapa Lubumbashi, jina lilipaswa kuwa la mama. Ndiyo desturi yetu, hakuna aliyehitaji kunikumbusha. Lakini mimi nilikuwa karani wa shule, navaa tai, na jina la mama niliona linanuka moshi. Ndivyo nilivyofikiri, na leo nikiandika uso unaniwaka.

Katika kitabu cha majina pale ofisini nikaliona Daphné. Nilipenda linavyosikika, maana yake sikusoma. Mama alipopiga simu kuuliza, nikamwambia bila kigugumizi kwamba ni Kigiriki, maana yake baraka, ni jina lake lilelile kwa lugha ya wazungu. Akafurahi hadi akalia.

Tangu siku hiyo hakumwita mtoto Daphné hata mara moja. Alimwita “majina”, kama tunavyowaita waliorithi jina letu. Kila lori lililotoka Kilwa, barabara ikiwa mbaya au mbaya zaidi, lilileta mfuko wa samaki “wa majina yangu”. Nami nilikula. Nilikula miaka kumi na minne.

Mwaka huu mwalimu aliwapa wanafunzi kazi ya kutafuta asili ya majina yao. Daphné akaniletea daftari nitie sahihi. Nikasoma: msichana wa Ugiriki ya kale, binti wa mto, alikimbizwa na mungu mmoja mpaka akamlilia baba yake amwokoe, naye baba akamgeuza kuwa mti wa laurier, ule ambao majani yake hutiwa kwenye mchuzi. Jina lenyewe ni la mti huo. Baraka haikuwepo popote. Nikatia sahihi, nikamrudishia. Yeye, aliyeambiwa na bibi yake tangu utotoni kwamba ni baraka, alinitazama tu.

Kwa kipaimara chake mama alikuja hadi kwetu mtaa wa Kasungami, hapa Lubumbashi, na kitenge kipya cha kumfunga somo wake. Mezani, mbele ya wageni, akamshika mkono.

“Majina, ambia bantu jina yetu inasema nini.”

Daphné akainamisha kichwa, akamjibu bibi yake. “Kambo, uulize papa.”

Ningeweza kudanganya tena; maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini mtoto alikuwa ananitazama kama siku ile ya daftari.

“Mama, nilikudanganya. Iko jina ya muti. Hakuna mapalo ndani. Nilikuwa nasikia haya juu ya jina yako.”

Mke wangu Myriam akasimama, akaanza kuondoa sahani za watu waliokuwa bado wanakula. Mama akauliza taratibu:

“Basi ile samaki yote, nilikuwa natumaka kwa nani?”

Wageni wakatazama sahani zao, na ndani mlikuwa na samaki huyohuyo.

Asubuhi mama akaondoka. Kitenge hakuondoka nacho, alimfunga mtoto kiunoni kwa mikono yake, vizuri kabisa. Mimi aliniaga kama kawaida. Akiwa tayari juu ya lori, akainama kwa mjukuu wake.

“Bakia muzuri, Daphné.”

Alilitamka sawasawa. Mtoto akalia mpaka nyumbani, nami nikatembea nyuma yake.