Karatasi ya maabara iliyomliza mjukuu wangu

Leo mjukuu wangu Rehema kanililia na karatasi ya maabara mkononi: chembechembe nyeupe za damu zimepungua.

Nikamkalisha, nikamsimulia.

Enzi za ujamaa, nikiwa msichana Kisarawe, nilipimwa Kibaha nikaambiwa hayo hayo. Mama akaanza kuita ndugu. (Msiba kabla ya maiti, jamani!)

Daktari akauliza, "Umeumwa karibuni?"

"Mafua makali, wiki iliyopita."

"Na dawa unazotumia?"

Nikaona aibu, lakini nikamwambia. Tangu tulipoanza kulima shamba la kijiji nilikuwa nameza kila siku vidonge vya mgongo, alivyonipa jirani.

Akasema virusi huzipunguza chembechembe hizo, dawa nyingine pia, lishe duni, na mara chache ugonjwa wa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa.

"Acha hivyo vidonge. Rudi baada ya wiki mbili. Ukipata homa, njoo siku hiyo hiyo."

Niliporudi, chembechembe zilikuwa zimepanda.

Rehema akafuta machozi.

"Bibi, mimi nameza vidonge vya chunusi vya rafiki yangu. Daktari sikumwambia."

Nikamwambia avilete hapa!

Kesho tunarudi sote wawili hospitali, na vidonge vyenyewe.

Nanyi semeni ukweli: mnameza nini ambacho daktari hajui?