Sandbox au visual novel? Tulivyojaribu zote mbili Buyenzi, miaka ya vita

Wakuu, habari za humu.

Wiki hii nimewasoma mkibishana: wengine sandbox, wengine visual novel, mpaka mmefika kwenye matusi. Mimi jibu ninalo. Nililipata Buyenzi, Bujumbura, vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Burundi ikiwa haijaisha. Naandika niliyoyaona kwa macho yangu, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Kwa wageni wa mambo haya: sandbox ni game inayokupa dunia na kukuachia. Nenda utakako, fanya utakalo. Visual novel ni hadithi ya picha na maneno: unasoma, watu wanakusemesha, unachagua jibu, na jibu lako linapeleka hadithi mbele.

Wakati ule hatukuyajua majina hayo. Tulisema "mchezo wa kuzurura" na "mchezo wa maneno".

(Halafu mimi ni mwanamke. Nawahi mapema kabla hamjaanza "kaka mkuu".)

Nilikuwa nachapa barua na CV kwenye kaduka ka mjomba wangu, katikati ya magereji. Wateja wakipungua, najifunza programming kwenye kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada. Désiré alikuwa fundi wa kompyuta, anakaa Ngagara. Alikuja siku moja kutengeneza printer yetu, akakuta nimekwama kwenye code, akavuta kiti. Tangu siku hiyo tukawa marafiki wa kubishana.

Sasa, jirani yetu mmoja, Mwalimu Yusufu, alikuwa anakusanya vijana kila Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi mdogo. Wengine walitoka Ngagara, wengine Kamenge.

Mitaa hiyo miwili imepakana. Barabara tu katikati. Lakini miaka ile wa upande huu alikuwa hakanyagi upande ule, na kila nyumba ilikuwa na mtu wake aliyezikwa au asiyejulikana alipo. Buyenzi, mtaa usio na upande, ndipo walipoweza kukutana. Wakifika, wanakaa makundi mawili, ukuta huu na ukuta ule, kimya. Na kila wiki wanapungua.

Mwalimu akaniita.

"Zuhura, we na Désiré munajua mashini. Nitengenezeeni muchezo wacheze pamoja. Ikishindikana, mi nafunga huu ukumbi."

Hapo ndipo vita yetu na Désiré ilipoanza.

Yeye: "Watu wamechoka kuzuiwa. Tuwape mji hauna barrière hata moja."

Mimi: "Mji bila maneno ni ramani tu. Watu wanataka hadithi."

Tulibishana mpaka mjomba akatufukuza dukani. Mwisho tukakubaliana: kila mtu atengeneze yake, zijaribiwe siku moja.

Ya Désiré ilikuwa nzuri, siwadanganyi. Unauona mji wetu kutoka juu, unaanzia mtaani kwako, una baiskeli, unakwenda soko la Jabe, unateremka mpaka ziwani. Hakuna askari. Hakuna kizuizi.

Yangu: msichana amepata barua kutoka kwa rafiki yake wa shule aliye mtaa wa pili. Anavuka barabara kwenda kumwona. Picha nilichora kwa mouse, pua zote zinafanana.

Jumamosi ikafika. Tukabeba kompyuta ya dukani mpaka ukumbini, tukaanza na ya Désiré.

Walicheka sana. Mmoja alizunguka ziwani mpaka akaombwa apishe wenzake. Mimi nimesimama nyuma yao, roho inaniuma, nikaona kitu.

Wa Ngagara wote, wakifika kwenye ile barabara ya mpakani, wanageuza baiskeli. Wa Kamenge vilevile, wanageuza. Na Désiré hakuweka chochote pale! Njia nyeupe kabisa!

Nikamuuliza mmoja, "Mbona umegeuka?"

Akanitazama kwa mshangao. "Nimegeuka?"

Hakujua.

Wakuu, nilifurahi. Nilijisemea, kwisha Désiré. Ukimpa mtu uhuru wote, anatembea mulemule alimozoea. Hadithi yangu itawavusha.

Na kweli iliwavusha. Watano walicheza, watano walivuka, mmoja akafuta na machozi. Nikaanza kujiona mtaalamu.

Kisha akakaa Claudine, dada mmoja wa Ngagara, mtu asiyeongea sana. Alisoma polepole mpaka mlangoni kwa yule rafiki. Pale niliweka majibu matatu: "Hodi", "Nimepata barua yako", "Naomba maji ya kunywa".

Hakubonyeza. Alikaa tu anaangalia.

"Jibu yangu iko wapi?" akauliza.

"Ipi?"

"Ya kurudi nyumbani."

Nikamjibu, tena kwa kujidai, "Haipo. Hadithi inakwenda mbele."

Akasimama.

"Kaka yangu alivuka ile barabara kutafuta mukate, hakurudi. We unanivusha na kidole, sababu unajua kuandika vizuri?"

Akatoka. Wenzake wa Ngagara wakamfuata, wote. Mwalimu Yusufu akatazama ukuta uliobaki mtupu, akaanza kukusanya viti.

Nilijua kuandika game, lakini sikumwuliza hata mtu mmoja anabeba nini moyoni.

Kesho yake Désiré alikuja dukani. Nilidhani amekuja kunicheka.

"Hata yangu ilishindwa," akasema. "Niliwapa mji muzima, wakabaki kwao. Twende tukamuone Claudine."

Tulimkuta uani kwao anachambua maharage. Nikamwomba radhi. Hakusema amenisamehe. Alisukuma ungo kati yetu, na sisi tukaanza kuchambua. Baada ya muda akasema:

"Weka nyumba moja kule ng'ambo. Mi nifike nikitaka mwenyewe. Nisimame inje. Na mutu wa mule aseme maneno yake ya kweli. Apana maneno yako."

Wakuu, sijawahi kusoma somo la game design lililonifaa kuliko maneno hayo.

Nikamtafuta Fidèle, kijana wa Kamenge aliyekuwa haachi kuja Jumamosi. Nikamwomba aandike: mtu wa Ngagara akigonga mlango wenu, utamwambia nini? Alikaa na ile karatasi siku tatu. Akaniletea mistari miwili:

"Karibu. Mama anaogopa kidogo, lakini hakufukuzi. Ukiona ni vizuri tuongee hapa hapa mulangoni, mi nitakutolea kiti."

Sikubadilisha hata herufi.

Tukaunganisha. Mji ni wa Désiré, zurura utakavyo. Ukifika kwenye ile nyumba, kwa hiari yako, hadithi inaanza. Na kila mahali kuna jibu la "Narudi". Ukilibonyeza hupotezi kitu, hakuna anayekusuta.

Jumamosi iliyofuata watu walikuwa wachache. Claudine alikuja, sijui Désiré alimwambia nini. Akakaa kwenye mashine. Jabe. Ziwani. Kisha barabara.

Akasimama pale. Akavuka.

Akasoma maneno ya mlangoni, akabonyeza "Narudi". Akazunguka mji tena, akavuka tena, akasoma tena, "Narudi". Mara ya tatu hakubonyeza kitu. Akauliza bila kugeuza kichwa:

"Nani aliandika hii ya kiti?"

Kisha sauti kutoka ukuta wa pili:

"Ni mi." Fidèle.

"Mama yako anaogopa kweli?"

"Anaogopa sana. Nikija huku anakaa mulangoni mupaka nirudi."

Claudine akamgeukia. "Wa kwetu pia," akasema. Akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi.

Fidèle alikatiza ule ukumbi kama mtu anayepita kwenye matope, akakaa. Wakaanza kuongea. Nyuma mtu akapiga kelele, "Muchezo je? Sisi wengine tunangoja!" Mwalimu Yusufu akamnyamazisha kwa mkono.

Asije mtu kusema naandika muujiza. Claudine hakuivuka ile barabara kwa miguu mwaka ule. Lakini ukumbi haukufungwa, na viti tukaanza kuvipanga kwa duara.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hili, na sitetereki: sandbox peke yake inamwacha mtu na woga wake. Visual novel peke yake inamwekea mtu maneno mdomoni. Kabla hujachagua style, mjue atakayekaa kwenye kile kiti anaogopa nini, na mwachie njia ya kurudi isiyo na aibu. Ukifanya hivyo, changanya utakavyo.

Wa sandbox na wa visual novel, njooni, siwakimbii. Na nyie developers mliomo humu: mmeshawahi kupata mchezaji aliyekataa majibu yenu yote? Alitaka kusema nini? Andikeni hapa chini, nasoma zote.