Nilinunua gitaa la marehemu, nikachoma kilichokuwa tumboni mwake

Wakuu, nawasalimu kutoka Kisangani.

Ninayoandika hapa yamenitokea mwenyewe. Gitaa lenyewe limeegemea kitanda changu sasa hivi, na mashahidi wote wako hai isipokuwa mmoja. Atakayebisha aje kwangu Kabondo nimwonyeshe.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwalimu wa hesabu sekondari, na Jumapili napiga gitaa kwenye kwaya ya parokia. Kiswahili hiki nilikinyoosha miaka minne niliyokaa Kigoma, kwa hiyo kikipinda mahali mnivumilie. Watu wakianza kuongea nitawaacha waongee cha kwetu.

Nina ugonjwa wa magitaa ya zamani ya umeme, yale yenye tumbo tupu. Wataalamu wanayaita archtop. Kifua kimebinuka kama cha fidla, na kina matundu mawili marefu pembeni ya nyuzi. Mjini hapa nilikuwa nimeliona moja tu, la Papa Dieudo, fundi wa mashine za mashua, mtu wa Isangi, aliyekuwa anapiga rumba kila Jumamosi na bendi ya wazee wenzake.

Papa Dieudo alifariki mwaka jana. Mwaka huu nikasikia mjane wake, Mama Antho, anauza gitaa.

Sikumaliza hata chai.

Mama Antho ni mfupi, mkali, muuza samaki wa kukausha. Alinipa gitaa, akaniambia nipige pale pale barazani, bila umeme. Jina la kiwanda limefutika, zimebaki herufi tatu. Rangi imelika pale mkono wa mzee ulipokuwa unakaa. Lakini sauti, wakuu! Nzito, kavu, inatoka na kuisha haraka, kama mtu mzima asiyependa maneno mengi. Nililipenda hadi nikaona aibu.

Bei tulielewana bila ugomvi. Shida ilikuwa sharti.

"Retrait de deuil iko samedi ya kuja," akaniambia. "Weye utapiga hii guitare mbele ya famille, vile bwana yangu alikuwa anapigaka. Ukipiga muzuri, iko yako. Ukipiga mubaya, unachukua feza yako, unaniachia guitare."

Kwa wasiojua, retrait de deuil ni siku ya kumaliza matanga. Mjane anavua nguo nyeusi alizovaa mwaka mzima, anavaa pagne mpya, yaani kitenge, halafu watu wanakula na kucheza. Ni sherehe ya furaha kabisa.

Nikakubali kupiga Jumamosi hiyo. Nikapanda toleka, taksi yetu ya baiskeli, nimelikumbatia gitaa kifuani njia nzima. Kila mtu aliyenipungia mkono niliona ananipongeza.

Sasa hapa ndipo ujuaji wangu uliponiponza.

Nilitaka kulisafisha. Nikalegeza nyuzi zote kwa mpigo, na kile kipande cha mbao kinachozibeba kikaanguka sakafuni. Jasho likanitoka nikidhani nimevunja kitu. Kumbe kwenye magitaa haya hakigandishwi, kinashikiliwa na nyuzi tu. Mimi sikujua, na sikumuuliza mtu.

Nikamulika tochi kwenye matundu. Ndani nikaona furushi la kitambaa, vumbi tupu, na mayai ya mjusi juu yake. Nikapinda njiti ya baiskeli, nikalivuta kidogo kidogo mpaka likatoka lote.

Mke wangu Judith alikuwa anafagia. Akakiokota kitambaa, akakikung'uta, akakigeuza geuza.

"Mais hii haiko chiffon. Iko pagne ya mutu."

Nikamwambia tambara ni tambara, aachane nacho, ni uchafu wa panya. Nikakichoma uani pamoja na majani makavu.

Alhamisi nikaenda mazoezini na bendi ile ya wazee kwenye ukumbi wa parokia. Mpiga besi alikuwa mzee mmoja tunayemwita Tonton Faustin, rafiki wa Papa Dieudo tangu ujana wao. Ndiye aliyenirudishia kile kipande cha mbao. Alikuwa anakisogeza nusu ya upana wa kucha, anapiga noti ya chini, anapiga ya juu, anasikiliza, anakisogeza tena. Mpaka zote zikakubaliana. Nilijifunza mengi siku ile kuliko miaka yangu yote ya kwaya.

Tukachomeka umeme. Dramu zikaanza. Nikaongeza sauti.

Gitaa likapiga yowe.

Sio noti, wakuu, ni yowe! Nikipunguza, linamezwa na dramu. Nikiongeza, linalia kama honi ya mashua. Tumbo lile tupu lilikuwa linameza sauti ya amplifaya na kuirudisha, inazunguka bila mwisho.

Tonton Faustin akaniuliza, "Pagne uliweka wapi?"

"Nilichoma."

Akaketi juu ya amplifaya. Akashika kichwa. Halafu, sijui kwa nini, akaanza kucheka.

Ndipo akanisimulia. Zamani bendi ilipopata amplifaya kubwa, gitaa hili lilianza kulia hivi hivi. Papa Dieudo akachukua pagne ya mke wake kwenye kamba ya kuanikia, akaisokomeza ndani. Gitaa likanyamaza. Aliporudi nyumbani akakuta moto umeshawaka. Mama Antho alikuwa ameshaamua kwamba pagne yake amepewa mwanamke mmoja muuza samaki wa Banalia, maana bwana alikuwa ametoka huko kutengeneza mashine.

"Na hakusema ukweli?"

"Angesema, mama angeitosha inje ile pagne. Na guitare ingeharibika. Alors Dieudo alichagua kutukanwa."

Alitukanwa mpaka alipokufa, wakuu. Faustin alikuwa ameapishwa kunyamaza. Na ushahidi wa pekee ulikuwa jivu uani kwangu.

"Tia chiffon yoyote," Faustin akanishauri. "Funga kinywa, piga, guitare iko yako."

Nisidanganye, nilitaka kufanya hivyo. Nilijua nikifungua mdomo, mama anaweza kukasirika na kulichukua gitaa lake. Nilipofika nyumbani nikamweleza Judith, naye akaniangalia kwa namna ambayo wenye wake mnaijua.

"Yule mama atosha nguo nyeusi, mais abaki na ule uchungu ndani? Juu ya guitare?"

Ijumaa tukaenda kwa Mama Antho, mimi, Judith na Faustin, gitaa mkononi.

Nilisema yote kwa mkupuo mmoja. Mama Antho hakutikisika. Akamgeukia Faustin.

"Weye ulikuwa unamufichaka tangu zamani. Leo amekufa na ungali unamuficha." Kisha akanigeukia mimi. "Hiyo pagne ilikuwa rangi gani?"

Sikujua! Mimi niliona vumbi tu. Nikaanza kumumunya maneno, na niliona wazi mkono wake unalielekea gitaa.

Judith akasema, "Jaune, mama, kama ndizi mbivu. Na masamaki ya bleu. Na pindo ilishonwa na mukono, na uzi nyekundu."

Mama Antho akaushusha mkono.

"Uzi ya jaune ilinimalizikia," Mama Antho akasema polepole. "Nilimalizia na nyekundu."

Akajifunika uso. Tulidhani analia, na alikuwa analia kweli, lakini kicheko kilikuwa kinamtoka humo humo.

"Dieudo! Mupumbavu weye! Miaka yote ile unaniacha natukana mutu ya watu!"

Akaingia ndani, akatoka na pagne mpya ya sherehe na kisu cha samaki. Akakata kipande kizuri, akanitupia.

"Tia. Sasa hata miye najua iko wapi."

Jumamosi saa nane mchana tulipiga. Gitaa halikupiga yowe hata mara moja. Sikujaribu maujanja, nilipiga kama mzee, noti chache na nafasi katikati. Mama Antho alitoka amevaa pagne yake mpya, iliyopungua pembeni, akacheza mpaka wajukuu wakachoka kabla yake. Faustin alikuwa anapiga besi na machozi yanamtiririka. Mimi nilikuwa na furaha ambayo sijui niifananishe na nini.

Tulipomaliza akaniita. "Guitare iko yako. Lakini mardi unanipeleka Banalia. Niko na mutu ya kuomba pardon."

Jumanne tukaenda kwa pikipiki, barabara inatuvunja migongo. Yule mwanamke tulimkuta, mzee sasa, bado anauza samaki pale karibu na mto. Mama Antho akamwekea pagne nyingine mpya mapajani, akaeleza yote, jinsi alivyomchukia, jinsi alivyomsema kwa watu. Alizungumza muda mrefu. Mwenzake alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

Halafu akauliza, "Dieudo gani?"

Mama Antho akakasirika kabisa. "Mécanicien! Papa ya guitare!"

"Aaah! Ule mwenye alikuwa anakataaka chakula yangu? Anasema bibi yake ya ndoa anapika muzuri zaidi?"

Wakuu! Mama Antho alikaa chini kwenye kigoda cha mwenzake, akaangalia mto, na mwenzake akamsogezea sahani ya samaki. Walikula pamoja bila haraka. Mimi nilikwenda kusimama karibu na pikipiki.

Nilichojifunza: kitu cha zamani usikisafishe kabla ya kumuuliza aliyekijua, na mke akikwambia hii ni pagne, ni pagne. Na ukimficha mtu jambo ukidhani ni dogo, yeye ndiye anayelibeba.

Kwa hiyo juzi nimemketisha Judith, nikamwonyesha kila kilichomo ndani ya gitaa langu. Akaangalia, akaridhika, akanyoosha mkono.

"Bon. Sasa leta telefone, nione ya ndani."

Wakuu, nasubiri ushauri wenu, na naomba msichelewe.