Ni Salamu Tu, Mama

Jamani, nichekeni kabisa mmalize, maana kila nikipita sokoni Tukuyu lazima mtu aniulize, "Mwandishi, leo huna salamu?" na mimi naangalia chini kama nimedondosha shilingi.

Nilikuwa nimeandika riwaya ya kuwasema walafi na wala rushwa, na uzinduzi nikautaka Jumamosi moja kwenye ukumbi wa kata ya Bagamoyo, hiihii ya kwetu Tukuyu, ila nikasikia kwaya moja kutoka kata ya Suma nayo imeuomba Jumamosi hiyohiyo. Anayepanga nani apewe ukumbi ni Mama Lusajo, afisa mpole asiyejua kumkunjia mtu uso. Sasa mimi, badala ya kwenda na maneno yangu tu, nikajiambia mkono mtupu haulambwi (na kwetu huendi kwa mtu bila kitu), nikabeba mkungu wa ndizi begani, nikaupitisha mbele ya foleni nzima, nikautua ofisini kwake. Akauliza ni wa nini. Nikajibu kwa sauti, hata foleni nje ikasikia, "Ni salamu tu, mama." Ukumbi nikapewa, nikatoka najisifu.

Jumamosi watu wakajaa, hata wanakwaya wamo, Mama Lusajo kiti cha mbele. Nikasoma sura ninayoipenda kuliko zote, ya mwenyekiti mlafi anayeletewa mbuzi ili apindishe kesi ya shamba, nasoma kwa mbwembwe, sauti naipandisha naishusha, mpaka pale mleta mbuzi anaposema, "Ni salamu tu, mzee." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikadhani wamependa uandishi wangu, nikairudia sentensi (mjinga mimi). Ndipo nikaona hawaniangalii mimi, wanamwangalia Mama Lusajo, naye ameinamisha kichwa. Iliniuma sana. Jina la mama wa watu lilikuwa linachafuka kwa mdomo wangu.

Akainuka taratibu, akaingia chumba cha nyuma, akarudi na mkungu wangu, umeshaiva wote, haujachomolewa hata ndizi moja. Akauweka mezani, juu ya vitabu.

"Mwanangu," akasema, "kwaya walishahamia kanisani kabla hujaja. Ukumbi ulikuwa wako bure. Huu nilitaka nikurudishie tukiwa wawili."

Nikamwomba radhi palepale kwenye maikrofoni. Akaniambia nizigawe kabla hazijaoza, basi nikazunguka kiti kwa kiti nikigawa salamu zangu, na wanakwaya wakachukua mbilimbili.

Siku hizi nikienda ofisi yoyote nakwenda mikono mitupu, tena viganja nimevifungua, watu waone.